Fedha ya Hospitali na Haki ya Mgonjwa

Je, ni halali mtu kupata faida kutokana na ugonjwa wa mwenzake? Swali hili la kale hurudi kila inapojengwa hospitali binafsi kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Tanzania iliwahi kulijibu kwa sheria. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, utoaji wa tiba binafsi kwa faida ulipigwa marufuku, huku hospitali za mashirika ya dini zikiruhusiwa kuendelea. Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali zao.

Hoja iliyosimama nyuma ya marufuku hiyo ilikuwa nzito, na bado ni nzito. Mgonjwa si mnunuzi wa kawaida. Mchumi Kenneth Arrow alieleza mwaka 1963 kwamba mtu anayetafuta tiba hajui lini ataihitaji, hawezi kuijaribu kabla ya kuilipia, na humtegemea muuzaji yule yule amwambie anunue nini. Mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa degedege saa nane usiku hapatani bei na mtu. Hata hivyo, kufuta faida hakufuti gharama. Jengo, darubini ya maabara, jenereta na mshahara wa muuguzi lazima vilipwe na mtu. Ndiyo maana uzito wa swali la haki uko zaidi kwenye fedha iliyojenga hospitali: ilitoka kwa nani, na kwa masharti gani?

Chukua mfano wa kubuni wa kituo cha afya katika mji mdogo, chenye wodi ya wazazi na mashine ya ultrasound. Mwenye kituo amekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, akaweka hati ya nyumba yake kuwa dhamana. Marejesho ni kama shilingi milioni 2.17 kila mwezi. Kituo kikipokea wagonjwa 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kila mgonjwa anabeba takriban shilingi 4,200 za benki kabla hajaandikiwa hata kidonge kimoja. Wagonjwa wakipungua, mwenye kituo anaweza kupandisha bei au kuongeza vipimo. Kipimo kisichohitajika huonekana kuwa kosa la daktari peke yake, lakini shinikizo lake lilikwishaandikwa kwenye mkataba wa mkopo, na waliouandika wana sehemu yao katika kosa hilo.

Dini ziliiona mapema hatari hii ya mkopo. Uislamu umeharamisha riba. Katika murabaha, benki huinunua mashine na kumuuzia mwenye hospitali kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo, kwa malipo ya awamu, na deni halipaswi kuongezeka kwa sababu mdaiwa amechelewa. Huo ni ulinzi wa kweli kwa mkopaji, ingawa faida hiyo bado humfikia mgonjwa kupitia bei. Kanisa Katoliki nalo lilikataza riba kwa karne nyingi. Wafransisko wa Italia walipoanzisha mifuko ya kuwakopesha maskini, kama ule wa Perugia wa mwaka 1462, ulizuka ubishi mkali kama inafaa kuwatoza chochote. Mtaguso wa Laterano ulikubali mwaka 1515 kwamba tozo ndogo ya kulipia uendeshaji si dhambi. Mpaka uliowekwa hapo, kati ya kufidia gharama na kuvuna kutokana na shida ya mtu, bado unafaa kupimia mikopo ya afya leo.

Njia nyingine ni mtaji usiodai kurudishwa. Mjini Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali katika miaka ya 1284 na 1285 na kuiwekea wakfu wa mali ambazo kodi zake ziliiendesha. Matajiri na maskini, wanaume na wanawake, walitibiwa humo bila malipo. Udhaifu wa wakfu ni kwamba unategemea uaminifu wa msimamizi: akiila kodi, mgonjwa hana pa kwenda.

Jibu lenye nguvu zaidi katika zama zetu limetoka India. Daktari Govindappa Venkataswamy, akiwa amestaafu utumishi wa serikali, alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mjini Madurai mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11. Wanaoweza kulipa hulipa, na ziada yao hugharimia upasuaji wa wasio na uwezo. Mwaka 1992 Aravind ilianza kutengeneza yenyewe lenzi za kuwekea wagonjwa wa mtoto wa jicho, na bei ikashuka sana. Mfumo huu una ziada, tena kubwa, na hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Ila upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa muda mfupi na hufanana kwa kila mgonjwa. Wodi ya wazazi, ambako uzazi mmoja unaweza kugeuka dharura ya damu na upasuaji, haiigi mfumo huo kirahisi.

Pagumu zaidi ni kwenye bili isiyolipwa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ni kinyume cha katiba kuwazuia hospitalini wanawake waliojifungua kwa kushindwa kulipa. Kesi hiyo ilihusu hospitali ya umma, lakini hospitali binafsi yenye mkopo hubanwa na kishawishi kile kile, pamoja na kile kibaya zaidi cha kuwanyima ndugu maiti yao. Hospitali isiyo na fungu la misamaha humgeuza mhasibu kuwa mlinzi wa lango. Mkopeshaji anayetaka haki analiweka fungu hilo ndani ya mkataba, akilihesabu pamoja na gharama za dawa na umeme, na anakubali marejesho yashuke katika miezi ambayo wagonjwa ni wachache au bima imechelewa kulipa madai. Sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa Tanzania mwaka 2023, inaweza kumwondolea mgonjwa mzigo wa bili, lakini benki hudai rejesho lake kila mwezi, iwe bima imelipa au haijalipa.