Mwenye Kiti na Mwenye Amri

Wabajuni wa Koyama, Chovai na Chula, pamoja na wenziwao wa Kismayu, ni watu wa vyombo. Katika chombo, nahodha ndiye mwenye amri na rubani ndiye ajuaye miamba. Chombo kikipanda mwamba, mabishano huanza papo hapo: aulizwe nani? Swali hilo la baharini twataka kulipandisha pwani. Je, mtu aliyepewa ukuu wa jina tu ana dhamana juu ya yatendwayo kwa jina lake?

Wanajeshi walipotwaa serikali ya Somalia tarehe 21 Oktoba 1969, watu wa pwani hiyo hawakuwa na haja ya kuuliza. Meja Jenerali Mohamed Siad Barre alikalia kiti na kushika usukani pia, hadi alipoondoshwa Januari 1991. Kwa jirani zao wa Uhabeshi mambo yalikuwa mengine. Huko, Novemba 1974, baraza la wanajeshi lililojulikana kama Derg lilimweka Brigedia Jenerali Tafari Benti awe mwenyekiti na mkuu wa nchi. Aliyemtangulia, Jenerali Aman Andom, alikuwa ameuawa siku chache tu kabla. Tafari alikuwa na cheo na umri. Nguvu zilikuwa hasa kwa makamu wake, Meja Mengistu Haile Mariam.

Sisi walimu tumezoea kuandika "mwenyekiti" kwa neno moja. Tukilitenganisha, twaona kuwa halisemi lolote juu ya amri: ni mtu mwenye kiti, basi.

Wako watakaosema kuwa mtu wa namna hii hana lawama, kwa kuwa hakuamua. Hatukubali. Ufalme ulifutwa Machi 1975, na ardhi ya mashamba ikatwaliwa na dola mwezi huo huo, Tafari akiwa kitini. Mengi yaliyotendwa miaka hiyo yalihitaji uso wa mtu mzima mwenye nyota mabegani ili askari na raia watii. Kama jina lake lilikuwa tupu, kwa nini lilihitajiwa? Aliyeazima jina lake aliazima kitu chenye thamani, na mwenye mali huulizwa mali yake imetumiwaje.

Hata hivyo hatuna budi kumpa haki yake. Mwishoni mwa Desemba 1976 baraza lilipangwa upya, mamlaka ya Mengistu yakapunguzwa na ya mwenyekiti yakaongezwa. Kwa muda wa wiki tano hivi kiti kilianza kukaribiana na usukani. Tarehe 3 Februari 1977 Tafari aliuawa pamoja na wenzake kadhaa wa baraza. Miaka miwili na zaidi aliyokaa kimya hakuna aliyemgusa.

Siku nane baadaye, tarehe 11 Februari, Mengistu alikikalia kiti hicho yeye mwenyewe.