Dirisha ni la Nani?

Hapa Iwawa nyumba nyingi zajengwa na watoto walio mbali, Dar es Salaam au Mbeya, kwa ajili ya wazazi wao. Ni jambo jema, nasi twalifurahia. Lakini kila tuonapo fundi akipima madirisha, swali moja latujia: je, anayelipa ndiye mwenye haki ya kuchagua?

Tuanze na baridi, maana hapa kwetu ndiyo yenye neno kubwa. Mwezi wa Juni na Julai sakitu huunguza majani ya viazi, na mzee hulala na koti lake. Dirisha pana la aluminiamu, lile la kuteleza, ni akili nzuri huko Dar es Salaam ambako watu hulikimbia joto. Huku kwetu aluminiamu hupitisha baridi upesi, asubuhi kioo hutokwa jasho, na upepo hupenya penye reli. Hatusemi ni kitu kibaya, kwani haiozi wala haiombi rangi. Mbao nazo zina masharti yake: msindano usiokauka vizuri hupinda, na dirisha lililopinda halifungiki tena. (Hata hivyo, wilaya ipelekayo mbao mbali kisha ikaagiza fremu kutoka mbali hutuchekesha kidogo.)

Tena kuna suala la upande. Mwezi wa Juni jua letu hupita kaskazini, basi dirisha kubwa la kaskazini huingiza joto lisilolipiwa. Kusini-mashariki, unakotokea upepo wa kusi, dogo latosha. Lakini nani huuliza hayo? Dirisha kubwa huwekwa panapoelekea barabara.

Uingereza, tangu 1696 hadi 1851, serikali ilitoza kodi kwa hesabu ya madirisha, maana yaliweza kuhesabiwa toka nje. Watu wengi wakayaziba kwa matofali, wakapungukiwa na mwanga na hewa. Sisi hatutozwi kodi hiyo, ila nasi twahesabu toka barabarani.

Wengine watatujibu kwamba mama anaona fahari majirani wakiisifu nyumba, na fahari hiyo nayo ni sehemu ya zawadi. Ni kweli, wala hatuidharau. Mtu aliyelea watoto kwa jembe ana haki ya kuonekana kuwa hakutaabika bure. Lakini tuangalie hali yake. Mwanawe amemtumia fedha, naye atasemaje kwamba chumba ni baridi? Atasema asante, mwanangu, kisha atahamia jikoni kwenye moto. Asiyeweza kukataa zawadi hawezi pia kuisahihisha. Kwa hiyo sisi twaona kwamba mtoaji ana wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza mapema, tena kuuliza kwa namna inayomruhusu mzazi kusema hapana. Kumwuliza, "Mama, umeyapenda?" wakati vioo vimekwisha kutiwa, si kuuliza.

Na huko jikoni ndiko kwenye jambo zito. Hapo mama hukaa saa nyingi kuliko sebuleni, na mara nyingi pana tundu moja tu. Moshi wa kuni si macho kuwasha tu. Huharibu mapafu, na Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Bei ya dirisha moja la sebuleni yaweza kuchangia dirisha la jikoni lenye kufunguka na bomba la moshi. Mbona jiko halimo katika hesabu? Kwa sababu mgeni haingii huko.

Basi, fundi kabla hajashika futi yake, mwenye kulipa na ampigie mama simu, amwulize huketi wapi saa kumi jioni, na upepo humpigia upande gani. Kisha fundi aanze na jiko.