Wajibu wa Mtazamaji

Mtu huhesabiwa kwa maneno yake na kwa matendo yake, lakini ni mara chache kuhesabiwa kwa yale aliyoyatazama. Jicho hudhaniwa kuwa mlango usio na bawabu: kila kitu chaingia, na mwenye jicho hana hatia. Asemaye uongo huulizwa, na aibaye hushtakiwa. Lakini aliyetazama kilio cha mwenzake kwa saa mbili, kisha akaenda kulala, haulizwi neno. Je, ni haki kuwa hivyo? Kutazama ni tendo, au ni kupokea tu? Na kama ni tendo, mtazamaji ana wajibu gani, na kwa nani?

Swali hili laweza kupimwa mahali padogo sana, ndani ya sebule ya mtu. Katika miji ya Marekani zipo jumuiya za Kiyahudi ambazo waumini wake wana chama cha sinema. Chama hicho hakina jumba. Wanachama hupeana zamu: mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Viti huazimwa kwa jirani, kiwambo hutundikwa ukutani au televisheni hugeuzwa ielekee watu, na taa huzimwa. Picha ikiisha taa huwashwa, na hapo ndipo kazi ya usiku ule huanza, maana hakuna aondokaye kabla ya mazungumzo.

Desturi hii ina sheria zake. Sabato huanza machweo ya Ijumaa na kwisha Jumamosi usiku. Na kwa kuwa washika sheria hawawashi moto wala umeme siku hiyo, picha huonyeshwa Sabato ikisha kutoka, au siku nyingine ya juma. Chakula nacho kina adabu yake. Si kila nyumba hushika sheria za chakula kwa kipimo kimoja, kwa hivyo mwenyeji mwangalifu huandaa matunda, au vitu vilivyotiwa alama ya kosha, ili mgeni aliye mshika sheria kuliko yeye asione haya kunyosha mkono. Meza huandikwa kwa kufuata dhamiri ya mgeni aliye mkali kuliko wote. Jambo hili dogo lafaa kukumbukwa, maana litarudi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini watu wenye sinagogi yenye ukumbi mpana wajibane katika sebule. Jibu moja ni la kale. Katika mafundisho ya wazee wa Kiyahudi, Yose ben Yoezer, aliyeishi kabla ya Kristo, anatajwa kuwa aliwataka watu wazifanye nyumba zao kuwa mahali pa kukutania wenye hekima. Jibu la pili ni la karibu zaidi. Mwaka 1968 vijana wa Kiyahudi walianzisha huko Massachusetts udugu uitwao Havurat Shalom, kwa kuwa waliona sinagogi kubwa zimekuwa baridi na waumini wake wamekuwa wageni wao kwa wao. Katika miaka ya 1970 rabi Harold Schulweis, huko Encino, California, aliigawa jumuiya yake kubwa katika makundi madogo ya jamaa waliokutana majumbani. Kundi la namna hiyo huitwa havura, neno lililotoka katika shina moja na neno la Kiebrania la rafiki. Chama cha sinema cha nyumbani ni mtoto wa fikira hiyo: watu wanaosali pamoja hawajuani bado, mpaka wamekaa pamoja na kubishana.

Sasa na tofauti ya jumba na nyumba ipimwe. Katika jumba la sinema mtu hununua tiketi, na tiketi humpa haki mbili: haki ya kuona na haki ya kwenda zake. Giza humficha aliaye na humficha achekaye pasipostahili kicheko. Taa ziwakapo kila mmoja hutafuta mlango. Katika nyumba hakuna tiketi, kuna mwaliko; na aliyealikwa hawezi kutoka bila kuaga. Taa ikiwashwa nyuso hukutana. Aliyecheka amesikika, na aliyelala ameonekana. Hivyo nyumba humrudishia mtazamaji kitu ambacho jumba lilimwondolea: yaani kuwajibika kwa macho yake.

Na itazamwe Shoah ya Claude Lanzmann, filamu ya mwaka 1985 yenye urefu wa zaidi ya saa 9, ambayo watu wa sebuleni hawana budi kuigawa katika siku kadhaa. Lanzmann hakutia ndani yake picha za kale za makambi. Alikusanya mashahidi, akawauliza, akapiga picha nyuso zao na mahali palipotendeka maovu, pamoja na majani yaliyokwisha kuota hapo. Miongoni mwa mashahidi ni Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa kukata nywele za wanawake kule Treblinka muda mfupi kabla hawajauawa. Anahojiwa katika duka la kinyozi nchini Israeli, mkasi mkononi. Afikapo kwenye habari ya mwenzake, kinyozi pia, aliyewaona mke na dada yake mwenyewe wakiingia, sauti inakatika. Anaomba asiendelee. Mhoji anamsihi aendelee. Naye, baada ya kimya kirefu, anaendelea.

Hapo mtazamaji amewekwa pagumu. Ushahidi ule una thamani isiyokadirika, kwani wauaji walikusudia asibaki hata mmoja wa kuutoa. Lakini umepatikana kwa kumkamua mtu machungu yake. Mtazamaji hakumlazimisha shahidi. Hata hivyo shahidi amesukumwa ili mtazamaji asikie. Apokeaye kitu kilichonunuliwa kwa bei hiyo ameingia deni, hata kama hakukiagiza. Deni hilo halilipwi kwa machozi, maana machozi humpoza aliaye, na hayamfikii aliyeliliwa. Hulipwa kwa kukihifadhi kilichosikiwa na kukisema kwa usahihi mbele ya mtu mwingine. Ndiyo maana mazungumzo baada ya picha si kitoweo cha burudani. Ni mwanzo wa malipo.

Kufika hapa mambo ni mepesi, kwa sababu watazamaji wamekaa upande wa walioonewa, na kukaa upande huo humpa mtu amani. Mtihani wa pili ni mgumu zaidi. Tarehe 6 Oktoba 1927 ilionyeshwa New York filamu ya The Jazz Singer, iliyosifika kwa kuleta sauti ya mtu katika sinema ndefu. Ni hadithi ya Jakie Rabinowitz, mwana wa mwimbishaji wa sala katika sinagogi, atakaye kuimba katika majukwaa ya starehe. Hubadili jina akaitwa Jack Robin. Baba yake akiwa mahututi, na usiku wa Siku ya Upatanisho umeingia, kijana huacha onyesho lake na kwenda kuimba Kol Nidre mahali pa baba. Hakuna jumuiya ya wahamiaji isiyojua jeraha hilo la baba na mwana, la nyumba na ulimwengu. Wengi hulia. Lakini Al Jolson, aliyemwigiza kijana yule, na ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa mwimbishaji wa sinagogi, hupanda jukwaani amejipaka uso rangi nyeusi, kwa mtindo uliozoeleka Marekani wa kuwadhihaki watu weusi ili wengine wacheke. Uhuru wa mwana wa walioonewa umeimbwa kwa kuvaa sura ya mwonewa mwingine.

Ichukuliwe kuwa mwenyeji amechagua picha hiyo, na kwamba miongoni mwa wageni yumo Myahudi mweusi, kwa maana Wayahudi weusi wamo Marekani, nao husali pamoja na wengine. Wazee wa sebule ile wameipenda picha hii tangu utoto. Ndani yake huona babu zao. Yeye huona babu zake pia, lakini katika rangi iliyopakwa. Mwenyeji afanye nini?

Rai ya kwanza yasema: asiionyeshe. Meza huandikwa kwa dhamiri ya mgeni aliye mkali kuliko wote. Basi na picha ichaguliwe kwa kipimo hichohicho. Mgeni ni mtukufu. Ibrahimu alipoketi mlangoni pa hema lake wakati wa jua kali aliwakimbilia wageni watatu asiowajua, na walimu wa Talmudi walitoka katika habari hiyo na fundisho kwamba kumpokea mgeni ni jambo kubwa kuliko kuupokea utukufu wa Mungu mwenyewe. Rai hii ina heshima, lakini ina kasoro. Chakula kina badala: aliyekosa nyama atakula tunda, na njaa yake itaondoka. Kweli haina badala. Picha ile ikifichwa, dhihaka haitakuwa imefutwa. Itakuwa imefichiwa wale wanaohitaji kuiona, na mgeni atabaki peke yake na ujuzi wake.

Rai ya pili yasema: ionyeshwe, na mgeni anyamaze kwa adabu, kwa kuwa picha ni ya zamani na wenyeji hawana nia mbaya. Rai hii ni mbaya kuliko ya kwanza, maana yamtoza mgeni gharama ya raha ya wenyeji. Walimu wa Talmudi walifananisha kumwaibisha mtu mbele ya watu na kumwaga damu yake, kwa sababu damu hukimbia usoni. Kumkalisha mtu mbele ya dhihaka ya ukoo wake na kumtaka atabasamu ni aibu ya namna hiyohiyo, hata kama imeandaliwa pamoja na chai na keki.

Yabaki rai ya tatu, na meza ileile ndiyo iifundishayo. Mwenyeji hakuandaa matunda tu. Alitafuta pia vitu vyenye alama, ili mgeni ajue kilichomo kabla hajakitia kinywani. Na picha itiwe alama. Wageni waambiwe mapema kilichomo, yule wa kuumizwa aambiwe kwa faragha kabla ya wote, naye awe huru kuja au kutokuja bila kudaiwa sababu. Akija, asifanywe mwalimu wa wengine kwa lazima, wala asiulizwe wa kwanza, kana kwamba jeraha lake ni somo la usiku ule. Waliofurahia ndio waanze kueleza kilichowafurahisha, na kilichowapita wasikione. Kwa njia hii mgeni hahifadhiwi kwa kufichwa kweli. Anahifadhiwa kwa kutoachiwa mzigo wake peke yake.

Lakini mpinzani ana neno, nalo ni zito. Nyumba, asema, ni adui wa kweli. Katika jumba mtu aweza kunung'unika, au kuandika gazetini kesho yake. Katika nyumba ya rafiki, akiwa amekula chakula chake, kinywa hufungwa na shukrani. Heshima huzaa unafiki. Hapana shaka jambo hili hutokea. Sebule ngapi zimesifu kila picha kwa kuwa mwenyeji aliichagua! Hata hivyo kosa hilo si la nyumba. Ni la kudhani kwamba kubishana ni kuvunja ukarimu. Mila ya Wayahudi haikuona hivyo. Shule zao mbili mashuhuri za kale ziliitwa kwa jina la nyumba: Nyumba ya Hilleli na Nyumba ya Shamai. Zilibishana katika sheria nyingi, hata katika mambo ya ndoa, na bado watu wake hawakuacha kuoana. Talmudi husimulia kwamba sauti kutoka mbinguni ilitamka kuwa maneno ya pande zote mbili ni ya Mungu aliye hai, lakini sheria ifuate Nyumba ya Hilleli. Sababu iliyotolewa haikuwa ukali wa akili yao. Walikuwa wapole, na walitaja maneno ya wapinzani wao kabla ya maneno yao wenyewe.

Kanuni hiyo yafaa sebule kuliko yafaavyo mahakama. Ichukuliwe Schindler's List ya Steven Spielberg, ya mwaka 1993. Lanzmann mwenyewe aliipinga, akishika kwamba maovu yale hayastahili kuigizwa. Wengine wamejibu kwamba watu wengi wasioweza kukaa saa 9 walifikiwa na habari kwa picha hiyo, na kwamba Spielberg, kwa taasisi aliyoianzisha mwaka 1994, alihifadhi ushahidi wa makumi ya maelfu ya walionusurika. Wawili waliokalia kochi moja waweza kushika pande hizi mbili. Mmoja akilazimika kueleza rai ya mwenzake kwanza, kwa namna ambayo mwenzake ataikubali kuwa ni yake, hawezi tena kumdharau. Na akiisha kueleza ya kwake, hawezi kusema hakusikilizwa. Heshima hapo haikufunga kinywa. Imekifundisha zamu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hutajwa mara nyingi kwa ajili ya chakula, kwa kuwa siku ya mgeni ni siku ya kuchinjwa kuku. Katika chama cha sinema yaweza kuchukuliwa kwa maana nyingine. Wazee walioipenda The Jazz Singer tangu utoto wasingaliona uso uliopakwa rangi kama wangalitazama peke yao. Waliuona kwa kuwa mgeni alikuwa ameketi karibu nao. Naye mgeni, kama alirudi nyumbani usiku ule bila kulazimika kutabasamu, alipata ambacho jumba lenye viti elfu lisingaliweza kumpa. Basi mtazamaji ana wajibu mara mbili: kwa yule aliye katika picha, asiyeweza kumjibu, na kwa yule aliye kando yake, anayeweza. Autimizaye wajibu wa pili hujifunza namna ya kuutimiza ule wa kwanza.