Wengi Wape, Lakini Wapewe Nini?

Somo: Ezekieli 34:17-22, Matendo 5:1-4, Mathayo 7:12

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinivuta kando pale kwenye maegesho akaniuliza swali ambalo nililijibu kwa haraka na vibaya. Yeye ana hisa nyingi katika kampuni ya familia yao. Alisema hivi: "Pasta, hisa nililipia kwa jasho langu. Sheria inasema kila hisa ina kura. Sasa nikipiga kura vile napenda, na wengine wakashindwa, dhambi yangu iko wapi?" Nikamwambia aombe. Ndugu yangu, nisamehe, hilo halikuwa jibu. Leo najaribu tena.

Kwanza nikubali upande wake, kwa sababu ana hoja. Mkurugenzi wa kampuni amepewa kazi ya kuwachungia wengine mali yao, kwa hiyo hana ruhusa ya kujitafutia mwenyewe. Mwenye hisa ni tofauti. Kura yake ni mali yake. Mahakama za Uingereza, ambazo sheria yetu ya makampuni ilitoka kwao, zimesema hivyo tangu karne ya 19: anaweza kupiga kura akiangalia faida yake. Hata Petro alipomhoji Anania hakukana kwamba shamba lilikuwa lake na pesa zilikuwa mkononi mwake. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kwa hiyo sitaki mtu asome ukurasa huu akadhani kutafuta faida ni dhambi. Nani angeweka pesa zake mahali akijua lazima kila mara apige kura ajiumize?

Na tena wazee walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Kampuni haiwezi kwenda kama kila mtu ana nguvu ya kusimamisha kila kitu. Azimio la kawaida linapita kwa zaidi ya nusu ya kura, azimio maalum kwa asilimia 75, na walioshindwa wanakubali. Huo ndio mkataba tulioingia tuliponunua hisa.

Lakini sikilizeni habari ya Bwana Ebrahimi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mazulia huko London, na rafiki yake akiitwa Nazar. Walifanya kazi pamoja miaka mingi kama washirika sawa, faida wanagawana nusu kwa nusu. Mwaka 1958 wakaunda kampuni, kila mmoja hisa 500. Muda mfupi baadaye mwana wa Nazar akaingia, na kila mzee akamkatia hisa 100. Piga hesabu: Ebrahimi 400, Nazar 400, kijana 200. Siku ile Ebrahimi anatoa zile 100, alikuwa anamkaribisha mtoto wa rafiki yake. Hakujua anatoa kisu.

Mwaka 1969 baba na mwana walipiga kura, 600 dhidi ya 400, wakamtoa kwenye ukurugenzi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Sasa utasema, si bado ana hisa zake? Anazo. Lakini kampuni ile haikuwa inalipa mgao kwa wenye hisa. Faida yote ilikuwa inatoka kama malipo ya wakurugenzi. Kwa hiyo kura moja ilimwachia karatasi na kumwondolea chakula. Kesi ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1972 majaji wakaamuru kampuni ivunjwe. Walisema kweli haki ya kumtoa mlikuwa nayo, lakini ndani ya kampuni hii mna watu walioaminiana, na si haki kutumia kifungu cha sheria kana kwamba ule uaminifu haukuwahi kuwepo.

Nikisoma kesi hiyo chuoni nikifanya digrii ya biashara, niliikariri kwa ajili ya mtihani. Ezekieli ndiye aliyenifanya niielewe.

Sisi wahubiri tunapenda sura ya 34 kwa sababu ya wachungaji wabaya. Tukifika mstari wa 16 tunafunga Biblia. Lakini kuanzia mstari wa 17 Mungu anaacha wachungaji anageukia kondoo wenyewe, na anasema atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Wanono wamekula malisho mazuri, halafu wakakanyaga yaliyobaki. Wamekunywa maji safi, halafu wakayavuruga kwa miguu. Wanawasukuma wadhaifu kwa ubavu na kwa bega mpaka wanatawanyika. Angalieni vizuri: hawalaumiwi kwa kula. Malisho yalikuwa yao pia. Wanalaumiwa kwa kile walichofanya ili mwingine asile.

Hapo ndipo naona mpaka. Kura ikiongeza thamani ya kampuni, mimi mwenye hisa 60 napata zaidi yako wewe wa 40, na hakuna aliyeibiwa. Nawe hisa yako imepanda sawa na yangu. Kura ikiwa kazi yake ni kuhamisha kilicho chako kije kwangu, hiyo si kura tena. Ni bega.

Kuna kesi nyingine ya mwaka 1976, ya familia ya Clemens, hukohuko Uingereza. Shangazi alikuwa na asilimia 55 na binti ya ndugu yake asilimia 45. Shangazi akapitisha azimio la kutoa hisa mpya kwa wakurugenzi wengine na kwa mfuko wa wafanyakazi. Sababu nzuri kabisa, nani anachukia wafanyakazi? Lakini hesabu ilipangwa kwa namna ambayo yule binti anashuka chini ya asilimia 25, yaani hawezi tena kuzuia azimio maalum. Jaji akaona kilicho nyuma ya pazia, akalifuta.

Hapa Kenya, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 780, inamruhusu mwanachama wa kampuni kwenda mahakamani akionewa namna hii, na mahakama inaweza hata kuamuru anunuliwe hisa zake. Ni vizuri mjue. Lakini wangapi kati yetu wana pesa za wakili?

Niseme pia, haraka, kwamba mdogo naye ana pembe. Mwenye asilimia 26 anaweza kukataa kila azimio maalum mpaka anunuliwe kwa bei ya ulafi, huku kampuni inakufa. Wafaransa wamefikiria jambo hili sana. Mwaka 1993 mahakama yao kuu ilisema jaji hawezi kupiga kura mahali pa mtu kama huyo, ila anaweza kumteua mtu mwingine amwakilishe mkutanoni. Kuwa mnyonge katika hesabu hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki.

Sasa nifike kwa kilichonifanya nishindwe kumjibu ndugu yule pale maegesho.

Kabla sijaitwa katika huduma hii, tulikuwa marafiki sita tuliounda kampuni ndogo ya kununua ploti. Kila mtu hisa 100. Baada ya miaka sita ploti ilikuwa imepanda bei sana, na mmoja wetu alikuwa amepoteza kazi. Tukaitisha mkutano. Azimio: kuongeza mtaji, hisa mpya 600, kila mtu achukue 100 katika siku 30, kwa bei ileile ya siku ya kwanza. Kumbukumbu za mkutano zinasema pesa ni za kujenga ua na kuchimba kisima. Ndani ya gari, tukienda mkutanoni, hatukuzungumza habari ya ua. Tulizungumza kwamba jamaa hawezi kulipa.

Hakulipa. Sisi watano tukagawana hisa zake mpya, 20 kila mmoja. Kutoka moja ya sita akawa moja ya kumi na mbili, na ile nusu aliyopoteza tuliinunua kwa bei ya zamani. Alipewa nafasi sawa na kila mtu. Barua alipata. Kura zilihesabiwa. Niliinua mkono huu ambao Jumapili nawabariki nao, na jioni tulikula nyama choma. Ua haujajengwa hadi leo.

Kama ningejiuliza swali moja tu la Mathayo 7:12, yaani, ningekuwa nimeshika hisa zake badala ya zangu, je, azimio hili lingekuwa na maana kwa kampuni? Ningejua jibu kabla gari halijawashwa. Sikujiuliza kwa sababu nilikuwa na jibu lingine mfukoni: ni halali.

Jumatano nilimpigia simu. Nilidhani nitamweleza kitu asichokijua. Alinyamaza kidogo akasema, "Pasta, mimi nilijua siku ileile. Nilikuwa nangoja tu kuona nani atapiga."

Zile 20 zangu namrudishia kwa bei niliyolipia, hata kama ni kidogo kidogo atakavyoweza, na nimewaandikia wale wengine wanne kuwaomba wafanye vivyo hivyo. Wawili wamekubali. Mmoja hajajibu. Wa mwisho aliniuliza, bila hasira, sheria gani tulivunja.