Wimbo Usiotolewa ni Mali ya Nani?

Kazi ya sanaa huzaliwa mara mbili. Mara ya kwanza huzaliwa moyoni mwa mtunzi wake. Mara ya pili huzaliwa siku ile mtunzi anapoifungulia mlango ikatoka mbele ya watu. Baina ya siku hizo mbili huweza kupita saa moja, huweza kupita miaka ishirini, na kwa muda wote huo mtunzi ni bwana wa kazi yake. Aweza kuifuta, aweza kuigeuza, aweza kuificha, wala hapana mtu wa kumdai. Lakini mauti yakimkuta kabla ya siku ya pili, ni nani aliye na haki ya kuufungua mlango ule?

Msomaji asidhani kuwa swali hili ni la wanavyuoni peke yao. Tuseme Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira, palikuwa na kijana mfokaji, mmoja wa wale wasemao mashairi yao kwa haraka juu ya mdundo, ambao vijana huwaita marapa. Tuseme alifoka kwa Ekegusii na Kiswahili, akatangaza kuwa anatayarisha albamu ya nyimbo kumi, kisha akafariki kabla haijatoka. Nyimbo tatu zimo katika kompyuta ya fundi aliyemrekodi. Mbili zimo katika simu ya rafiki yake. Moja, tena nusu, anayo mwendesha bodaboda, ambaye huisikiliza akingoja abiria sokoni. Nyingine hazimo popote ila vichwani mwa waliomsikia. Rafiki zake wanataka kuviokota vipande hivyo na kuviunga viwe albamu. Je, wanatenda wema, au wanafukua kaburi?

Kuokota, kwa maoni yangu, ni wema, na ushahidi wangu uko Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi tangu mwaka 1776 hivi mpaka 1840, alikuwa fundi wa mashairi ya kujibizana. Aliwatetea Mazrui, akawarushia watu wa Lamu na Unguja maneno makali kama mishale. Mtu akisema kuwa alikuwa mfokaji wa zama zake, sitamkosoa sana. Hakuacha kitabu, mashairi yake yalibaki katika ndimi za watu wa mji. Katika miaka ya 1880, waliomsikia kwa masikio yao walipokuwa wamebaki wachache, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akisaidiana na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza. William Hichens akayachapisha huko Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha mshairi. Kama Mwalimu Sikujua angalisema kwamba mwenyewe hakutaka kitabu, basi na tuyaache, leo tungalikuwa maskini zaidi. Hasara ya namna hiyo sisi Abagusii twaijua: wapigaji wengi wa obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, walizikwa pamoja na nyimbo zao kwa sababu hakuketi mtu kando yao na kalamu.

Hapa msomaji mwangalifu atanipinga, naye ana haki. Atasema kwamba Muyaka aliufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Aliyasema mashairi yake mbele ya mji, na Sikujua aliokota kilichokwisha tolewa. Wimbo uliofichwa katika kompyuta haujatolewa. Mwanamuziki Mmarekani Anderson .Paak alilihofu jambo hili hata mwaka 2021 akajichanja maandishi mkononi, akikataza sauti zake za majaribio zisitolewe akifa. Katazo kama hilo ni wasia, na wasia hutiiwa. Lakini walio wengi hufa bila kusema lolote, na kijana wetu alikwisha itangaza albamu yake. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Alitaka nyimbo zitoke. Asilolitaka, yamkini, ni zitoke zikiwa mbichi, au zikiwa zimepikwa na mtu mwingine.

Tamaa ya kusikia zaidi siilaumu. E-Sir alipofariki kwa ajali karibu na Nakuru mwezi wa Machi 2003, hajatimiza miaka 22, ni nani aliyempenda asiyetamani ubeti mmoja zaidi? Lakini tamaa haina adabu. Tupac Shakur aliuawa mwaka 1996, na albamu zilizotolewa baada ya kifo chake ni nyingi kuliko alizotoa akiwa hai. Katika ile iliyotoka mwaka 2004, Eminem alitia muziki mpya chini ya sauti ya marehemu, akabadilisha mwendo na kimo cha sauti yenyewe ili ifuate muziki huo. Mama wa marehemu aliridhia, na sheria haikuvunjwa. Lakini mimi nikisikiliza siwezi kusema ni nani anayezungumza. Mac Miller naye alifariki Septemba 2018, akiacha kazi aliyokuwa akiifanya pamoja na Jon Brion. Huyo Brion ndiye aliyeimalizia, maana alikuwa ameketi naye na kuyajua makusudi yake, ikatoka Januari 2020.

Basi rafiki wale wa Ekerenyo na waende kwanza kwa wazazi, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda hakimiliki miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na fedha ikipatikana ni ya hao. Kisha watoe kilichopo jinsi kilivyo: wimbo wa nusu uitwe wa nusu, na beti zilizokumbukwa ziandikwe kwa jina la aliyezikumbuka. Watashawishiwa kufanya zaidi. Siku hizi ipo mitambo iwezayo kuiga sauti ya mtu, na fundi atawaambia kwamba ubeti uliopotea waweza kutengenezwa kwa muda mfupi, hata asitambue mtu. Mama yake atatambua, au, jambo lililo baya zaidi, hatatambua. Atausikiliza jioni kwa jioni na kuyashika maneno ambayo mwanawe hakuyasema.