Machozi ya Mtume kwenye Kaburi la Mama Yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Alipokuwa na miaka 6 hivi, mama yake, Bi Amina, alifia Abwa, njiani wakirejea Makka. Mtoto akarudishwa na mlezi wake, Ummu Ayman. Miaka miwili baadaye akafiwa na babu yake, Abdul Muttalib. Miaka mingi ikapita; akawa Mtume, kiongozi wa umma. Kisha akalizuru kaburi la mama yake. Abu Huraira anasimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba alilia hadi akawaliza waliokuwa naye. Sikuona katika riwaya ile mtu aliyemwambia kuwa hayo yamepita.

Sisi je? Baba akifariki, mtoto hupelekwa kwa jirani mpaka maiti itoke. Akiuliza, anaambiwa baba kasafiri. Akilia, anaambiwa nyamaza, wewe mwanamume. Mjane tunamhesabia eda yake, miezi 4 na siku 10. Mtoto, matanga hayajaanuliwa, tunamtaka arudi shule na macho makavu. Leo mtoto yule ana miaka 40, usingizi haupati, hasira zake zinaishia kwa mkewe na wanawe, wala hajui kinachomsumbua.

Wapo pia waliolelewa kwa kipigo na matusi, au waliodhalilishwa na mtu wa nyumbani. Hawa hawana kaburi la kuzuru. Walichonyang'anywa ni utoto wao, nao una haki ya kuliliwa. Tusiwaharakishe kusamehe na hata wa kuwasikiliza hawajampata.

Tunapenda kuwaambia wasubiri. Nabii Yaqub (A.S.) alisubiri subira njema, na bado alimlilia Yusuf hadi macho yakaingia weupe, akimshitakia Mola wake huzuni yake. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Chozi halikukatazwa.

Mwenye mtoto aliyefiwa, leo baada ya Swala amketishe, amweleze ukweli, amtaje marehemu kwa jina. Mtume (S.A.W.) alipomkuta mtoto Abu Umair ana huzuni, alimuuliza habari za kindege chake kilichokufa. Na mtu mzima mwenye jeraha hili amwendee anayemwamini. Likimzidi, aende hospitali kwa wataalamu wa afya ya akili. Tumeamrishwa kujitibu.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie, mimi na nyinyi.