Fungueni Daftari Pamoja



Huku Diani masika ikianza, watalii hupungua na ugomvi wa fedha hubisha hodi. Desemba mama aliuza leso vizuri, lakini baba alichota kwenye droo ya duka bila kuandika. Tangu Julai 2023, biashara ndogo inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25, hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Basi aliyechota alichukua hata ya Kaisari.

Anania na Safira walipatana kuficha. Ninyi patanani kufunua. Leo, baada ya sala ya jioni, fungueni daftari. Baba, anza wewe. Mama, sikiliza kwanza.